Pombe ya Radhi Kutoka Kwenye Kopo

Pombe ya kwanza niliyopika kwa mikono yangu hapa Amerika ilinuka kama tambara la jikoni lililosahauliwa kwenye sinki tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Sitii chumvi. Wakati ule nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee kule Anoka: kubadilisha nepi, kufuta matapishi, kusugua meno ya bandia. Pua yangu ilikwisha kuzoea mengi, na nilidhani kinyaa ni ugonjwa wa watu wengine. Lakini jioni ile, nyumbani kwangu Brooklyn Center, nilifungua chupa, nikanusa, nikapiga funda moja, kisha nikakimbilia chooni nimeziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Mimi si mnywaji. Nilipika kwa sababu kaka yangu mkubwa alikuwa hajanisemesha kwa karibu mwaka mmoja na nusu.

Mama yetu alipofariki kule nyumbani, Kilimanjaro, mimi nilikuwa na karatasi za kusafiri na kurudi. Kaka alikuwa bado anazisubiri zake. Angetoka nchini, asingeingia tena. Yeye ndiye kifungua mimba, na kwetu kifungua mimba ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Tukakubaliana: jeneza likishashushwa, nitampigia, nitaweka simu kwenye spika, aseme neno lake kwa mama, ausikie udongo ukianguka. Siku yenyewe mvua ikashuka kama imefunguliwa bomba. Padri akaharakisha. Wanaume wakaanza kufukia kabla shimo halijajaa maji. Simu yangu ilikuwa ndani ya mkoba, nimeifunga kwenye kanga isilowe, nimezima mlio kwa ajili ya misa. Nilikuja kuikumbuka wakati nanawa matope miguuni. Kaka alikuwa amepiga mara kumi na moja. Huku Amerika ilikuwa alfajiri, naye alikuwa amekaa ndani ya gari kwenye maegesho ya ghala analofanyia kazi, simu juu ya dashibodi, akisubiri.

Niliporudi nikamwendea. "Shikamoo kaka." Alinitazama kama mtu anavyotazama basi lisilo lake. Ikawa hivyo kila tulipokutana kanisani. Shikamoo zangu zote zilianguka sakafuni, na watu wakaanza kuziona.

Mwishowe nikampigia shangazi yetu, dada wa marehemu baba.

"Bado hajakujibu?" akauliza kabla sijamaliza salamu.

"Bado, shangazi."

"Basi mpelekee isale na pombe."

"Nitanunua katoni nzima, shangazi, ile nzuri…"

"Ya dukani? Nani anaomba radhi kwa risiti, mwanangu? Pika. Unywe wewe kwanza mbele yake, halafu umpe. Akinywa, yameisha. Asipokunywa, mimi sina dawa nyingine."

Isale halikunipa taabu. Ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Jani lake likifungwa fundo, huwezi kumfukuza aliyelibeba. Niliukuta umepangwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, sehemu ya maua ya ndani, una kikaratasi cha kuelekeza umwagiliwe mara moja kwa wiki.

Pombe ndiyo ilikuwa mlima. Mbege, pombe yetu ya ndizi, inataka ndizi zake, zipikwe mpaka ziwe nyekundu, zikae siku kadhaa, zichujwe, zichanganywe na uji wa kimea cha ulezi, na gome la msesewe kwa ajili ya uchungu. Nilijaribu na ndizi za supamaketi. Zilitoa gundi ya kubandikia karatasi ukutani.

Pale kazini kulikuwa na fundi wa matengenezo, mzee wa Kimarekani mwenye ndevu za kufika kifungo cha pili cha shati, ambaye alikuwa anapika bia kwenye chumba cha chini cha nyumba yake. Nilipomweleza shida yangu hakucheka. Kesho yake aliniletea ndoo ya plastiki yenye mfuniko na kopo moja kubwa. Ndani ya kopo kulikuwa na kimea kilichochemshwa hadi kikawa rojo jeusi, zito kama asali, tayari limetiwa uchungu. Juu ya mfuniko kulikuwa na pakiti ya hamira. Maelekezo yalikuwa mafupi: mimina rojo, ongeza kilo moja ya sukari nyeupe na maji, nyunyiza hamira, subiri.

Nilifuata kila neno, na ndipo likazaliwa tambara la jikoni. Ilikuwa nyepesi kama maji ya kusuuzia sufuria, ikiwa na uchachu wa tufaha lililooza, na nyuma yake ladha ya boksi lililonyeshewa. Nilimpelekea fundi chupa moja. Akaonja, akaitema kwenye sinki la vifaa vya kudekia, akafuta ndevu.

"Uliweka sukari yote?"

"Si ndivyo walivyoandika?"

"Wanaandika hivyo ili kopo lionekane linatosha. Hamira ikila sukari tupu inabakiza ulevi tu. Haina cha kukuachia mdomoni."

Hapo nikaelewa, na wewe msomaji utaelewa bila shida, kwa sababu ni jambo ambalo bibi zetu walilijua. Huwezi kupika uji kwa maji na sukari ukategemea mtu ashibe. Mahali pa sukari weka kimea: kuna cha unga kinachouzwa kwenye maduka ya wapika bia, kilo kwa kilo. Ule uchungu uliomo kwenye kopo nao umechoka kwa kukaa dukani, kwa hiyo unauamsha kwa hopsi. Hopsi ni maua ya mmea fulani unaotambaa, yaliyokaushwa na kushindiliwa yakawa vidonge vya kijani kama chakula cha sungura. Kazi yake ni ileile ya msesewe. Unachemsha maji na sehemu ya kimea, unatia vidonge vichache na kuviacha robo saa vitoe uchungu, na vingine unavitia ukishazima moto, kwa ajili ya harufu. Kisha ndipo unafungua kopo na kumimina rojo, na hamira unainyunyiza vyote vikishapoa. Usiogope, mtu aliyewahi kupika chai ya maziwa bila kuimwaga jikoni anaweza kazi hii.

Nami nikaiweza, isipokuwa jambo moja, na nalieleza hapa ingawa hata sasa mwili unanisisimka.

Bibi yangu alikuwa na pipa la mbao la mbege. Halikuwahi kuguswa na sabuni tangu nizaliwe. Pombe ikiisha, mashapo ya chini yaliachwa palepale, na mpishi mpya alifundishwa kwamba pipa ndilo linalojua pombe, yeye ni msaidizi tu. Anayeliosha amemuua mama wa pombe. Kwa hiyo nilipoanza mara ya pili, yale matope ya kijivu yaliyobaki kwenye ndoo niliyaacha kwa makusudi na kwa heshima. Nilijiambia kwamba plastiki hii imeanza kujifunza. Nikayamwagia juu kimea kizuri, hopsi nzuri, nikafunika, nikasali hata.

Siku ya nne nyumba ilianza kunuka beberu. Nikafungua dirisha, na ilikuwa Januari, nje theluji tupu. Siku ya sita jirani wa juu aligonga mlango na kuuliza kwa adabu kama nimefiwa na mnyama. Siku ya nane nikafunua. Juu kulikuwa na utando mweupe uliokunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyolala, una malengelenge, na kila lengelenge likipasuka lilitoa harufu ya matapishi ya mtoto. Nilichota kwa kijiko. Haikudondoka; ilivutika, ndefu, kama kamasi. Nikaonja. Naomba uniamini kwamba nilionja, kwa sababu niliwaza kuwa nikishindwa kuinywa mimi, nitampaje kaka? Ikakwama kooni, ikawa haishuki wala haipandi, na nikiwa nimepiga magoti mbele ya choo nilijichukia kuliko nilivyoichukia pombe ile. Mtu aliyesahau simu, nikajiambia, hata ndoo itamshinda.

Niliimwaga. Ikaziba choo.

"Hukuosha ndoo?" Fundi alishika kiuno kwa mikono miwili.

"Niliiacha makusudi. Kwetu pipa haliogeshwi."

"Pipa la bibi yako lilikuwa na wadudu wake wa miaka hamsini, wanajuana. Ndoo hii ina wadudu wa jikoni kwako. Unataka kumpa kaka yako wadudu wa jikoni?"

"Hata wa jikoni kwangu ni ndugu zake," nikasema, na hapo ndipo alipocheka, mpaka akaegemea ngazi.

Akanipa ndoo nyingine na chupa ya dawa ya kuulia vijidudu. Alinifundisha kwamba kila kitakachogusa pombe baada ya kuchemka, hata kijiko, hata mfuniko, kipite kwanza kwenye dawa ile. Safari hii nilitii. Nilibadilisha na hamira pia, nikanunua mpya, na nikaiweka ndoo kwenye kabati la makoti karibu na mlango, ambako pana ubaridi wa wastani. Nilifanya ukaidi mmoja tu, tena kwa ruhusa. Nilinunua ulezi wa punje kwenye duka la Wahindi, nikauotesha kwenye sinia juu ya friji, nikaukausha kwa oveni yenye moto mdogo, nikausaga kwa blenda. Unga huo niliufunga kwenye kitambaa nikauloweka kwenye maji ya moto, nusu saa, kama mfuko mkubwa wa majani ya chai. Maji yake ndiyo niliyopikia.

Baada ya wiki nne nilifungua chupa. Haikunuka tambara wala beberu. Ilikuwa na mwili, ilikaa mdomoni, na kwa mbali kulikuwa na uji. Fundi alimaliza chupa nzima akaomba ya pili. Akasema ni safi. Kwake labda. Mimi zile hopsi zilinipanda puani kama pembe ya bustani inayokojolewa na paka, na uchungu wake ulibaki ulimini hadi nilipolala. Lakini ilikuwa pombe, na ilishuka.

Jumapili alasiri nikapanda basi kwenda Phillips, anakokaa kaka. Chupa sita nilizifunga kwenye kanga ileile ya mazishini. Jani la isale, nimelifunga fundo, nilikuwa nimelichomeka kifuani ndani ya koti, maana baridi ya nje ingelifanya jeusi kabla ya kituo cha kwanza. Nilibeba pia kata ya kibuyu ambayo miaka yote ilikuwa pambo ukutani.

Wifi alifungua mlango, akatazama furushi.

"Wifi, umehamia?"

"Nimekuja kuomba radhi."

Akaacha utani, akanivuta ndani kwa mkono.

Kaka alikuwa ameketi mbele ya televisheni. Nikamwamkia; hakuitika. Nikatoa isale, nikaliweka mezani mbele yake. Akaizima televisheni. Nikapiga magoti, nikamimina kwenye kata, povu likapanda, nikanywa nusu. Nilijitahidi uso usinisaliti. Kisha nikampa kwa mikono miwili.

Akaipokea. Halafu akainua kata, akanywa, na uso wake wote ukajikunja kuelekea puani, kama tulipokuwa wadogo na mama akitushika taya kutunywesha dawa ya minyoo.

"Umetia nini humu?" Ndilo neno la kwanza baada ya mwaka mmoja na nusu. "Mkojo wa paka?"

"Hopsi, kaka."

"Ndiyo nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza kopo, sukari, kimea, vidonge vya sungura, pipa la bibi na ndoo yangu. Nilipofika kwenye utando alifumba macho akasema, "Basi, basi, nitatapika," lakini kata hakuiweka chini. Akanywa tena, akakunja uso tena.

"Msesewe haunuki hivi," akasema.

"Haunuki hivi, kaka."

Akaitazama ile pombe iliyobaki. "Mvua ilianza saa ngapi?"

Sikuuliza mvua gani. Nikaanza mwanzo, taratibu, kama ninavyoeleza kila kitu: tulivyotoka kanisani, nani walibeba jeneza, njia ya migombani ilivyoteleza, mjomba alivyoanguka akashika kona ya jeneza asiliache. Alitaka kujua upande gani kichwa kilielekea. Alitaka kujua nani alitupa udongo wa kwanza. Nikasema ni mimi, kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umeshika mkoba.

"Simu ilikuwa humo," akasema.

"Ilikuwa humo, kaka. Nimeifunga kwenye kanga hii."

Akainyoosha ile kanga mezani, pale ilipokuwa imelala kati ya chupa, akaipapasa upindo mpaka mwisho. Kisha akafungua chupa ya pili mwenyewe, akaijaza kata hadi juu, akanirudishia.

"Kunywa," akasema. "Siwezi kuimaliza peke yangu takataka hii. Halafu endelea. Udongo ulisikikaje?"

Nikanywa. Ilikuwa mbaya kama mwanzo. Nikafuta mdomo, nikamwambia ulivyosikika.