Debe Tupu la Landrova

Ng'wala-ng'wala, ng'wala-ng'wala. Kazi yangu ilianza na sauti hiyo, na masikio yangu hayajaisahau mpaka leo. Nilikuwa nimesimama mbele ya baraza la hospitali ya Kilosa, viatu vya kuazima vya dada yangu vinanibana, cheti cha darasa la nne nimekifunga ndani ya leso kisilowe jasho. Sauti ile ikaja kutoka upande wa stesheni, kwanza mbali, halafu karibu, halafu karibu zaidi, mpaka kuku wa uani wakatawanyika.

Dresa Mkuu aliyekuja kunipokea alikuwa mtu wa suruali iliyonyooka na maneno machache. Dresa, kwa nyinyi mnaosoma leo, alikuwa mtu wa kufunga vidonda na kuchoma sindano, lakini huko mashambani alikuwa karibu daktari kamili. Akaniuliza, "Umesikia?"

"Nimesikia, bwana. Kuna kitu kimevunjika?"

"Hakijavunjika kitu. Hilo ndilo gari lako la kazi."

Landrova ikaingia uani, rangi yake ya kijani imepauka kama jani la mgomba lililokauka. Nyuma limening'inia debe la mafuta ya taa, limefungwa kwa waya, linagonga bati kila gari linapotikisika. Akashuka mzee mfupi, kofia yake ya kushona kwa mkono, akalipiga gari kofi la upendo kama mtu anayempongeza ng'ombe. Huyo alikuwa Mzee Salumu, dereva.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Unatapika ndani ya gari?"

"Sijawahi kupanda gari, mzee."

"Basi utatapika," akasema, akacheka, akanipa mkono.

Nikaajiriwa kuwa msaidizi wa kliniki ya safari. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha sindano, kupima watoto uzito kwa mizani ya kuning'iniza, na zaidi ya yote kuzungumza na kina mama, kwa kuwa Dresa Mkuu alikuwa akiwaogopesha. Kuzungumza hakukunishinda. Njia nzima nilikuwa nikiota kwa sauti: nitakuwa mkunga, nitapanda meli, nitaona theluji. Nilipoambiwa kwamba safari yangu ya kwanza inapitia Ulaya, nikatuma salamu nyumbani Kidete kwa mtu wa treni kwamba naenda Ulaya. Mama alilia siku mbili. Baba, aliyekuwa kibarua wa reli na aliyeijua wilaya, ndiye aliyembembeleza: "Ni Ulaya ya hapa hapa, mama watoto, njia ya kwenda Mikumi. Wanalima pamba."

Nikizidisha ndoto zangu, Mzee Salumu alikuwa akisema bila kugeuka, "Debe tupu haliachi kutika." Nami nilinyamaza mpaka kilima kinachofuata.

Lile debe la kweli lilikuwa na kazi yake. Rejeta ya landrova yetu, yaani lile tangi la mbele la maji ya kupoza injini, ilikuwa inavuja. Kwa hiyo tulitoka Kilosa debe likiwa limejaa maji pomoni, limetulia kimya. Kila baada ya kipande cha njia Mzee Salumu alisimama, akafungua kifuniko kwa kitambaa, akainywesha. Tukifika Mikumi debe limepungua nusu. Tukifika Kidodi na kukunja kuelekea chini ya milima ya Vidunda, halina hata tone, na hapo ndipo lilipoanza kuimba. Kule milimani sauti husafiri. Kina mama walioko juu kabisa walisikia ng'wala-ng'wala, wakaweka majembe chini, wakafunga watoto mgongoni, wakashuka. Ikifika saa sita mchana uwanja umejaa kanga.

Gari lingine lolote lilipopanda barabara ile, watu walijificha. Lilikuwa la kodi ya kichwa, au la wakala wa kuandikisha manamba, wale vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge walioitwa kwa namba badala ya majina. Kaka na waume wengi walipanda gari la wakala wakiwa wanacheka, na wengine hawakurudi. Mtu akijificha, ana sababu.

Katika safari moja nilikutana na Skolastika. Alikuwa rika langu, mcheshi, meno yake ya mbele yana mwanya. Alikuwa amekwishazika watoto wawili waliozaliwa wamekufa. Dresa Mkuu akampapasa tumbo kwa muda mrefu, kisha akaniita pembeni. "Mtoto amekingama. Mpaka sasa anaweza kugeuka, lakini asipogeuka, huyu akijifungulia mlimani tutampoteza yeye na mtoto. Mwambie safari ijayo tunamchukua mpaka Kilosa, kwa daktari."

Nikamwambia. Akanishika vidole. "Nitajuaje mmefika? Mwezi huo sitaweza kushuka bure bure na kupanda tena."

"Utatusikia," nikasema. "Ukisikia gari letu, shuka siku hiyo hiyo."

Akacheka. "Gari lenu nani hasikii?"

Basi niliporudi Kilosa niliihesabu kwa vidole miezi yake yeye, si yangu.

Wiki moja kabla ya safari ile, treni ya mizigo ilituletea gari jipya. Landrova pia, lakini ya kijivu, turubai halina kiraka, na injini inanguruma kwa adabu. Hospitali nzima ilitoka kuishangaa. Mimi niliogopa, kwa sababu gari la wakala wa manamba lilikuwa hivyo hivyo, rangi na umbo, kama mapacha.

Daktari wa Wilaya akatuita barazani. Alikuwa Mwingereza mrefu aliyejifunza Kiswahili kwa wagonjwa wake, kwa hiyo alikisema polepole kama anayeuliza mtu anaumwa wapi. Safari ilikuwa ya wiki tatu na mvua zilikuwa karibu. Alitaka kujua twende na gari lipi.

"Mzee Salumu, gari la zamani litafika Vidunda?"

"Kufika litafika, Bwana Daktari."

"Na kurudi?"

Mzee Salumu akaangalia kofia yake mkononi. Nikajitosa. "Bwana Daktari, naomba ruhusa. Kina mama wanalijua la zamani. Hili jipya watalikimbia."

Dresa Mkuu akakohoa kunikanya. Daktari akainua mkono. "Mwache. Mzee, unasemaje?"

Nilikuwa na hakika atanitetea. Nani aliyelipenda gari lile kuliko yeye? Alikuwa akiliosha kabla hajaosha uso wake. Lakini akasema, "Springi ya nyuma nimeifunga kwa kamba ya katani. Klachi inateleza. Kile kijito cha mchanga kabla ya Mikumi, mara ya mwisho kilinishika nusu saa, na maji yalikuwa ya kifundo cha mguu. Nalipenda gari lile, Bwana Daktari. Kwa hiyo sitaki life majini na mama mjamzito ndani yake." Akanigeukia. "Na wewe, binti, tukikwama, Skolastika wako utambeba mgongoni?"

Ikaamuliwa gari jipya.

Nilikwenda nyuma ya stoo, nikalia. Niliporudi nimekausha uso, nikamkuta Mzee Salumu anafungua waya wa debe kwenye landrova ya zamani, macho yake nayo mekundu. Akalifunga debe kwenye gari jipya.

"Hili rejeta yake haivuji, mzee."

"Safari bila debe ni harusi bila ngoma," akasema. Akalijaza maji mpaka mdomoni, akalikaza waya kwa koleo lisicheze hata kidogo. Nikafurahi. Nikajiambia, wakiona debe watatujua.

Safari ilikwenda kama ndoto zangu. Ulaya tulipita kabla chai ya asubuhi haijapoa kwenye chupa. Kwenye mbuga za Mikumi tembo walituangalia, tukawaangalia, kila mtu akaendelea na shughuli yake. Mzee Salumu hakusimama hata mara moja kuinywesha rejeta. Alikuwa anaendesha kwa raha na kwa aibu kidogo, kama mgane aliyeoa upya.

Tukafika chini ya milima, tukapanga meza, nikatundika mizani, nikawasha jiko la kuchemshia sindano. Saa sita ikapita. Saa tisa ikapita. Kwa mbali tuliona moshi wa nyumba, kisha nao ukazimwa. Hakuna aliyeshuka. Tukalala. Asubuhi tena uwanja mtupu, na mawingu meusi yamekaa juu ya mlima.

Dresa Mkuu akatazama saa yake. "Kesho alfajiri tunaondoka. Vituo vingine vinatungoja."

"Bwana, Skolastika…"

"Naujua mzigo wake kuliko wewe. Lakini siwezi kuupanda mlima nikiita majina."

Nikamwomba anipe siku ile moja. Nikapanda njia ya miguu peke yangu kidogo, nikiita. Majani yalikuwa yakitikisika mbele yangu na kutulia. Mwishowe nikamkuta bibi mmoja na mzigo wa kuni, hakuwa na mbio za kunikimbia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nyinyi ni wa mkonge?"

"Hapana, bibi, sisi ni wa dawa."

Akatema mate pembeni. "Usinidanganye, mtoto wa watu. Wa dawa gari lao linalia. Lenu limepanda kimya kama mwizi."

"Limekuwa jipya tu, bibi. Hata debe lipo, ukilitazama…"

"Nani wa kutazama kutoka kule juu? Sisi tunasikia."

Siku zote tulidhani injini ndiyo inayotutambulisha, au rangi, au uso wa Mzee Salumu. Kumbe ni debe, tena debe likiwa tupu! Na gari letu jipya halikuwa na kiu. Debe letu lilikuwa limejaa maji, limekazwa kwa koleo, limekaa kimya kama mtawa.

Niliteremka mbio mpaka kiatu kimoja kikabaki njiani. "Mzee Salumu! Mwaga maji!"

"Maji ya rejeta? Umepatwa na nini?"

"Rejeta haina kiu! Kina mama hawatusikii! Debe tupu, mzee! Debe tupu haliachi kutika!"

Akanitazama. Halafu akaanza kucheka, cheko lililomkalisha chini. "Miaka yote nakutukana," akasema akijifuta macho, "kumbe nakusifu."

Tukalegeza waya, tukamwaga maji yote. Akawasha gari, akaenda nalo juu na chini kwenye barabara ya mashimo, mimi nyuma nimeshikilia turubai. Ng'wala-ng'wala, ng'wala-ng'wala. Mlima ukairudisha sauti. Mara ya tatu tulipogeuza, nikaona kanga nyekundu juu ya bega la mlima. Kisha nyingine. Kisha wakawa wanamiminika, watoto wanalia, kina mama wanatutukana kwa furaha: "Mlikuwa mmemeza ulimi?" Dresa Mkuu, mtu wa maneno machache, akavua miwani na kuifuta, akaivaa, akaifuta tena.

Skolastika aliletwa jioni kwa machela, wanaume wanne wamembeba na mumewe anatangulia kukata matawi. Uchungu ulikuwa umeanza kumgusagusa. Akanishika vidole vile vile. "Jana nilisikia injini," akasema, "nikazima moto nikajificha. Leo nilipolisikia debe, nikamwambia mume wangu, twende, ni wenyewe."

Dresa Mkuu akaamua kliniki isubiri, gari liondoke saa ile ile na mimi niwe naye. Mvua ikatukuta njiani. Kile kijito cha mchanga kilikuwa kimejaa mpaka magotini. Mzee Salumu akatia gia ya chini, akasema bismillahi, gari jipya likaingia majini na kutoka upande wa pili bila kusitasita. Alisimamisha gari ng'ambo, akaegemea usukani, akapumua. "La zamani lingetuua, binti," akasema taratibu. "Mungu ametunusuru." Mimi nilikuwa nimepakata kichwa cha Skolastika, nami nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Vidunda.

Huko Kilosa, Daktari alimpasua. Mama mzima, mtoto mzima, wa kike. Mzee Salumu alipokuja wodini na mkungu wa ndizi, Skolastika akamwambia ameamua jina. Hakuthubutu kumwita mtoto Debe, padri asingekubali. Kwa hiyo ameitwa Debora.

Baada ya hapo nilifundishwa ukunga, nikapelekwa Kidete, nikapelekwa Mikumi, nikarudi Kilosa. Wakubwa walibadilika, bendera ikabadilika, Daktari akaenda kwao penye theluji ambayo mimi sikuiona. Magari yalikuja mengi, na kila dereva mpya nilimfundisha jambo moja: usiachie debe likajaa ukikaribia mlima. Walinicheka, kisha wakalifanya. Nikiulizwa na wasichana wanaoanza kazi hii ni kitu gani kikubwa nilichojifunza, huwaambia kwamba kabla hujabadilisha kitu cha zamani, kaulize watu walikuwa wanakipendea nini. Huenda si kile unachodhani wewe. Na huenda unaweza kukihamisha kwa waya na koleo.

Siku ya kustaafu nilipewa kanga, hotuba, na ruhusa ya kuchukua debe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka. Hapa nyumbani, Magomeni ya Kilosa, nalitumia kuhifadhia maji.

Debora amenipigia simu. Anashuka kesho kutoka Vidunda kuja kutazamwa macho, anataka kufikia kwangu. Nimemwelekeza stendi, njia, duka la kona. Mji umebadilika, naye macho yake hayaoni vizuri, akaniambia hajaelewa hata kimoja.

"Basi sikiliza tu," nikamwambia.

Alfajiri hii, nikiwa peke yangu, nimemwaga maji ya debe kwenye mchicha, nimelifunga kwa waya kwenye msumari wa mlango wa mbele panapopita upepo, nikalisukuma kwa kidole kimoja nione kama bado linaijua kazi.