Chaki Nyekundu ya Ijumaa

Enzi zetu katika shule ya Bofu, huku pwani, mtoto aliyeonekana na kitabu cha Kiswahili tulimcheka. Kiingereza tulikisoma, maana kilikuwa cha watu. Kiswahili kilikuwa chetu, na nani asomea chake? Kipindi chake kilikuwa cha kula mabuyu chini ya dawati, midomo myekundu, na kusinzia. Mtihani ukija tunaanguka, kisha tunamlaumu msahihishaji wa bara. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Sisi tulicheza kwetu tukashika mkia.

Darasa la saba akaja Mwalimu Kilonzo, Mkamba mrefu, mpole, kola imepigwa pasi. Mwalimu mkuu alimwambia mbele yetu kwamba tukianguka tena ataondolewa, aletwe mwalimu wa bakora. Hata hilo halikutuamsha. Mwanaisha, niliyekaa naye dawati moja, akasimama.

"Mwalimu, Kiswahili sisi twakinyonya kwa maziwa ya mama. Wewe umekijia ukubwani. Watufunza nini?"

Tulicheka hadi machozi. Mwalimu hakumgusa mtu. Ijumaa akajaza ubao mzima kwa insha yake mwenyewe, akampa Mwanaisha chaki nyekundu.

"Mimi ni wa bara. Nisahihisheni. Lakini kila kosa mniambie kwa nini."

Mwanaisha akapiga mstari wa kwanza kwa madaha. Mwalimu akauliza, "Kwa nini?" Mwanaisha akajibu kwamba haisemwi hivyo. Mwalimu akauliza tena, kwa upole uleule. Mwanaisha akatugeukia tumsaidie, sote tukainamia madawati. Niliona haya, wallahi. Kumbe mali ilikuwa yetu na hatukujua ndani mna nini.

Jumatatu kabati la vitabu likabaki tupu. Kila Ijumaa tuligombania chaki, na muuza mabuyu akalalamika biashara imelala. Mama aliponikuta jikoni na kitabu cha sarufi, nazi haijakunwa, alinishika paji la uso kuona kama nina homa.

Mwisho wa mwaka, gwarideni, ikasomwa kwamba Kiswahili tumeshinda shule zote za jirani. Tulimbeba Mwalimu Kilonzo juu juu, tukamzungusha uwanja mzima hadi kiatu kikamtoka. Mwanaisha akakiokota, akampelekea kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mwalimu."

"Kwa nini?"

Safari hii alikuwa na jibu, akalitoa lote mbele ya shule nzima, analia na kucheka.

Leo mimi ndiye mwalimu, katika shule ya Mtopanga. Wanafunzi wangu hawa hata uvivu wetu hawauwezi: sisi tulikosa kwa jasho letu, wao kazi ya nyumbani wanafanyiwa na simu ya mama. Nazitamani zile kelele za kugombania chaki. Mwezi uliopita nikaandika insha yangu ubaoni, makosa tele, nikaishika chaki nyekundu nikangoja. Akainuka binti wa nyuma, yule wa kulala. Akaipokea chaki, akapiga mstari.

Nikamuuliza kwa nini.

Akakuna kichwa, akanitazama, kisha akarudi dawatini mbio kuchukua kitabu.