Mkono Nyuma ya Aproni

Verlene Broadnax alikuwa na miaka sabini na minane, meno yake yote isipokuwa matatu, nyumba yenye mlimao uani, na rafiki asiyejua kunyamaza. Kwa jumla alimshukuru Mungu kwa yote hayo. Kwa rafiki alishukuru pia, ingawa siku nyingine alishukuru huku amekaza meno.

Alikuja Oakland akiwa bibi harusi, akapanga barua posta kwa miaka thelathini na mmoja, akalea wavulana wawili ambao sasa wana vipara na humpigia simu kila Jumapili, akamzika mumewe Lucious kwa heshima zote. Lakini ukimwuliza yeye ni nani, hataji posta wala ndoa. Atakwambia yeye ni mhudumu wa mlangoni kanisani, yule anayewaonyesha watu viti. Alivaa glavu nyeupe za kanisa akiwa na miaka kumi na saba na hajazivua, na hadi leo kiatu chake cheupe kikiingia ukumbini, watoto huacha kutafuna.

Mhudumu wa mlangoni hasemi ibada ikiendelea. Husimama wima, mkono wa kushoto umekunjwa nyuma ya kiuno, na mkono huo ndio unaosema. Vidole viwili: viti viwili vipo. Ngumi: subiri, watu wanaomba. Kiganja kikifagia huku au kule: mpeleke nyuma, mlete mbele. Muumini wa kawaida hukaa miaka arobaini chini ya mikono hiyo asijue inasema nini, akadhani ni adabu tu. Siri ya mtungi muulize kata. Na ukitoka kanisa moja la watu weusi ukaingia jingine, la Georgia au la California, wahudumu wataelewana kabla hujavua kofia.

Jambo moja Verlene hakulisema kwa mikono wala kwa mdomo, nalo lilihusu filamu.

Kila Jumamosi saa nane mchana, Shemasi Thaddeus Cokely, kondakta mstaafu wa treni mwenye suruali za kanda mbili mabegani, alitundika shuka jeupe katika chumba cha chini cha kanisa na kuwaonyesha wazee vichekesho vya zamani. Walikula bisi na kuku wa kukaanga, wakatazama. Zilikuwemo zile za miaka ya sabini, ambamo familia nyeusi hatimaye ilikalia kochi lake yenyewe na kumjibu mtu ipasavyo. Hizo walizijua kwa moyo, wakazisema kabla ya waigizaji. Na zilikuwemo za zamani zaidi, ambamo mtu mweusi hupita tu nyuma ya meza ya chakula, amebeba sinia na macho yamemtoka. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na ugomvi ndio uliowaleta watu.

Rafiki asiyenyamaza, Mozelle Tisdale, alikuwa mwalimu mstaafu na mhudumu wa mlangoni mwenzake Verlene kwa miaka hamsini na miwili. Mozelle hakuwa na subira na vijakazi wa kwenye shuka.

"Mtazameni!" angepiga kelele. "Mtu mzima kabisa, amepewa digrii ya kutumbua macho!"

Kisha angejifunga kitambaa cha meza kichwani, akakunja magoti, akajikokota mbele ya watu akilia, "Ndiyooo bibi, naja bibi, Mungu wangu nimeona jini bibi!" Ukumbi ungevunjika mbavu. Mozelle alikuwa hodari kupita wale aliowaiga, hilo lazima lisemwe.

"Yule mama alikuwa na watoto, Mozelle," Shemasi angesema kila mara. "Ulitaka wale nini, hasira zako?"

"Wangekula maharage, kama sisi!"

"Na wewe hayo maharage nani alikununulia? Mama yako alifua chupi za Wazungu."

"Alifua, lakini hakuna aliyempiga picha akifua!"

Na kila Jumamosi Verlene alicheka na wenzake. Alicheka mpaka akapangusa machozi, halafu akaenda nyumbani, akakaa jikoni bila kuwasha redio. Nasema kicheko kile kilikuwa dhambi yake, na yeye mwenyewe angekubaliana nami.

Wiki ya mwisho ya Machi, Shemasi alibandika karatasi ubaoni. Jumamosi ijayo: Jaji na Bata Mzinga, ya mwaka 1950. Verlene aliisoma mara mbili, akavua miwani na kuitia mkobani, kana kwamba miwani ndiyo yenye makosa.

Mama yake aliitwa Arletha Guillory. Alitoka Louisiana na sanduku moja, akaishi Los Angeles, mjane mwenye binti mmoja, na katika miaka tisa alicheza kijakazi katika filamu kumi na moja. Jina lake halikuandikwa katika hata moja. Jumapili alivaa glavu nyeupe na kusimama mlangoni mwa kanisa kama mlinzi wa mfalme. Jumatatu alipanda basi kwenda studio kutumbua macho. Verlene alipokuwa na miaka minane, msichana mmoja shuleni aliigiza macho hayo mbele ya darasa zima, na darasa zima likamgeukia Verlene. Tangu siku ile alisema mama yake anashona mapazia.

Jaji na Bata Mzinga ilipotoka, Arletha alileta tiketi mbili. "Vaa gauni lako la bluu," alisema. "Kuna kitu chako nimekiweka mle." Verlene alijifungia chooni akakataa kutoka. Mama yake alisubiri mlangoni, hakugonga, kisha akaenda peke yake. Aliporudi alitundika koti na kusema, "Haya. Siku utakayokwenda, usinitazame uso. Uso wamenikodi. Nitazame mkono." Hakumwalika tena. Mwaka 1962 alifariki kwa ugonjwa wa moyo, na binti yake hakuwa amekwenda kuitazama filamu ile.

Mwaka uliofuata Verlene aliolewa, akahamia Oakland ambako hakuna aliyemjua Arletha, na lile pazia alilolishona utotoni akaliacha limening'inia. Mozelle alipompigia simu miaka ile, kama walivyopigiana watu wote, akipiga yowe, "Washa chaneli ya nne, upesi, kuna mweusi mwenzetu!", Verlene aliwasha kwanza bila sauti, akahakikisha si mama yake, ndipo akafurahi.

Jumatatu alimpigia Shemasi.

"Shemasi, hiyo filamu ya Jumamosi si nzuri."

"Umeiona, Dada Verlene?"

"Sijaiona."

"Umejuaje basi?"

Alikata simu. Jumatano alijaribu kuugua, lakini afya ilikataa kabisa kushirikiana naye. Ijumaa Mozelle alimpigia.

"Kesho nakupitia saa saba na nusu. Nimeshanyoosha kitambaa changu. Nasikia mle mna kijakazi na bata mzinga, shoga, nitawaua watu!"

Verlene alilala macho. Haikuwa tu kwamba Mozelle angemwiga mama yake. Alijijua: watu watacheka, naye atacheka nao, kwa mazoea tu, na hilo hatalipona. Mficha uchi hazai, na yeye alikuwa ameficha kwa miaka sabini.

Jumamosi alikaa safu ya mwisho, karibu na mlango, koti mwilini na mkoba mapajani. Hakuwahi kukaa huko hata siku moja. Mozelle alimtazama, akainua nyusi, akaenda mbele na kitambaa chake.

Filamu ilianza. Jaji mmoja mnene, Mzungu, amewaalika wakubwa kwa chakula, na bata mzinga aliyepaswa kuwa ndani ya oveni yuko hai na anazunguka ghorofani. Dakika ya saba mlango wa jikoni ulifunguka, akatoka Arletha Guillory, miaka thelathini na minne, mwembamba, ameshika sinia, macho yamemtoka kama vifungo vya koti.

"Lo, bwana jaji! Huyu ndege ana roho ya marehemu mjomba wangu!"

Watu walicheka. Verlene hakucheka. Sauti ile alikuwa ameisahau, si maneno ya kijinga aliyopewa aseme, bali sauti yenyewe, ambayo wakati mmoja ilikuwa inamwita aje kula. Ilimwingia kifuani, ikamuuma na kumfurahisha kwa pamoja. Mbele, Mozelle alikuwa tayari anafunga kitambaa kichwani.

Kisha wageni wakaketi mezani. Jaji alisimama kutoa hotuba ndefu juu ya fadhila zake. Kamera ilikuwa imewekwa upande wa pili, nyuma ya kijakazi, ili uso wa jaji uonekane vizuri. Arletha alisimama wima katikati ya picha, mgongo kwa watu, mkono wa kushoto umekunjwa nyuma ya kiuno, juu ya fundo la aproni. Mkono ulikuwa ngumi. Kidole gumba kikatoka, kikaelekea chini, kikapiga mara mbili.

Mozelle aliganda, ncha za kitambaa mikononi.

"Simamisha!" alisema. "Thaddeus, simamisha mashine! Rudisha nyuma!"

"Mozelle, kaa chini tutaz—"

"Nimesema rudisha!"

Picha ilirudi. Hotuba, mgongo, ngumi, kidole gumba chini mara mbili. Safu ya pili, wahudumu watatu wazee walivuta pumzi kwa pamoja.

"Bwana Yesu," alisema Mozelle. "Huyu ni wa mlangoni. Mnaona anachosema? Mtoeni mtu huyu nje, kimyakimya!"

Ukumbi ulilipuka. Halikuwa lile cheko la kila Jumamosi. Hili lilitoka chini tumboni, na watu walipigana mabega na kudondosha bisi. Shemasi alirudisha mara ya tatu, mara ya nne, na kila kidole kiliposhuka walipiga yowe kama timu imefunga bao. Jaji aliendelea kuhutubia bila habari. Waliotengeneza filamu hawakujua kitu, wala waliolipa kuiona mjini. Mwanamke amesimama mbele ya kamera yao, katika filamu yao, akaamuru mwenye nyumba atolewe nje, nao wakamlipa na kumwambia aje tena Jumatatu.

"Nani huyu?" Mozelle alikuwa anafuta macho kwa kitambaa alichokivua kichwani. "Kanisa gani lilimfunza? Jina lake nani, Thaddeus?"

Shemasi aliinamia karatasi yake. "Hawakuandika. Wameandika 'kijakazi' basi."

Verlene alisikia kiti kikisogea, akagundua ni chake. Alikuwa amesimama.

"Arletha Guillory," alisema. "Wa Los Angeles. Ni mama yangu."

Vichwa vyote viligeuka nyuma.

"Mama yako," alisema Mozelle polepole, "alishona mapazia."

"Hakushona hata moja. Hakujua kutia uzi kwenye sindano."

"Miaka hamsini na miwili, Verlene! Wewe mwanamke! Nimezaa mbele yako, umeniosha mgongo! Na nimesimama hapa kila Jumamosi nikiwaiga wale, na wewe umekaa hapo…" Mozelle Tisdale, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, alikosa la kusema.

"Ulikuwa unawaiga vizuri," alisema Verlene.

Mtu mmoja alicheka, kisha wote, na Mozelle alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Kile kitambaa alikikunja mara nne, akakikalia.

"Endelea, Shemasi," alisema Verlene. "Haijaisha."

Iliendelea, naye aliutazama mkono tu, kama alivyoagizwa. Karibu na mwisho wageni walikuwa wameondoka, bata mzinga amekalia kiti cha jaji, na kijakazi alipita kurudi jikoni na sinia tupu mkono wa kulia. Kabla ya mlango alisimama kidogo, mgongo kwa kamera. Mkono wa kushoto ulikuja kiunoni. Kidole kimoja. Kisha kiganja kikafagia polepole kuelekea mbele.

Kiti kimoja, mbele.

Verlene aliijua alama hiyo kabla hajajua kusoma. Kila Jumapili, kanisa likijaa hadi ukutani, mama yake aliitoa kwa mtu mmoja tu, mtoto wake mwenye gauni la bluu aliyechelewa kwa sababu ya kufunga viatu, na kiti kilikuwa kimewekwa, na hakuna aliyethubutu kukikalia. Kuna kitu chako nimekiweka mle.

Katika miaka sitini na mmoja ya glavu nyeupe, Verlene hakuwahi kuona alama ya mhudumu asiitii. Alivua koti. Alipita katikati ya viti, mgongo wima, kama apitavyo Jumapili, mpaka safu ya kwanza.

"Dada Verlene, unaumwa?" aliuliza Shemasi.

"Mwache," alisema Mozelle, akiondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni. "Ameonyeshwa kiti."

Verlene aliketi. Kwenye shuka lilibaki neno la mwisho, kisha mwanga mtupu. Mozelle aliushika mkono wake.

"Anza upya, Shemasi," alisema Verlene. "Sasa nataka kumtazama uso."