Hapana ya Mama Yun-ho

Tak Man-bok, dereva teksi wa mji wa Sangju, Korea, hajawahi kushindwa kusoma moyo wa mtu. Abiria akishika tu mlango, yeye keshajua kama anaenda harusini au ukweni. Ndivyo anavyosema mwenyewe, na hakuna wa kumkatiza, maana teksi ni yake.

Basi Ha-rim, binti wa chuo kikuu, alipomjia nyumbani na dodoso lake, Man-bok akaona binti kafika kwa bingwa. Dodoso lilitungwa ng'ambo, la kupima mtu anavyoelewa yaliyo moyoni mwake na mioyoni mwa wenzake. Kabla halijapelekwa kwa Wakorea wengi, Ha-rim alitaka kujua kama maswali yanawakaa.

"'Nisipojua mwenzangu anawaza nini, humuuliza,'" akasoma. "Wewe je, baba?"

"Nimuulize? Anayeuliza ni asiye na macho, binti! Mke wangu anatimiza sitini wiki ijayo. Kasema hataki sherehe. Mimi huyo, nimekodi ukumbi, nimeagiza mbavu za ng'ombe, na mwimbaji juu! Hapana ya kwetu ni ndiyo iliyovaa koti."

"Na mwenyewe anajua?"

"Atajua akifika."

Mkewe, Myeong-ja, akaingia na kisu na sahani ya matunda ya gam. Ha-rim akakataa, akabembelezwa, akakataa tena, akabembelezwa, akala.

"Unaona?" Man-bok akacheka. "Kakataa mara mbili, na hicho kipande cha tatu!"

Ha-rim akatafuna uso umemwiva. "Lakini baba, siwezi kulitoa swali kwenye dodoso hivi hivi. Hebu muulize mama, mara moja tu."

Man-bok akajikuna shingo. Madereva wenzake wote kashawaalika. "Mama Yun-ho, ile sherehe... ulikataa kweli?"

"Eti nini? Baba Yun-ho, tangu unioe nasubiri uniulize kitu!" Akaweka kisu chini. "Sitaki ukumbi. Nishinde nainamia wageni, viatu vinanibana? Nataka tukaoge chemchemi ya maji moto ya Deokgu, mimi na wewe."

"Na mwimbaji?"

"Utaimba wewe, humo humo majini."

Man-bok akapiga simu kufuta ukumbi, anaguna kama ng'ombe aliyenyimwa majani. Kisha akamgeukia Ha-rim.

"Swali lako zuri, liache humo humo kwenye dodoso. Ila waandikie hao wa ng'ambo kwamba limejaribiwa na bingwa."

Chumba cha pili, Myeong-ja keshaanza kupekua makabati, anatafuta kaptura ya kuogelea ya bingwa.