Stakabadhi ya Jumamosi

Niliajiriwa kupekua wanawake. Sina namna nyingine ya kuieleza kazi ile, na watu wa Bagamoyo hawakuwa na namna nyingine ya kuitaja. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya pili, nguo zilipoanza kuonekana tena madukani baada ya ule wakati wa kununua kwa kibali. Nilikuwa na miaka kama thelathini na miwili. Nilikuwa nimeachwa talaka tatu, nimerudi kwa mama yangu na binti yangu mmoja, na asubuhi nikiuza vitumbua.

Duka lile lilikuwa kubwa kuliko yote mjini. Tajiri wake, Mhindi aliyelirithi kwa baba yake, alibomoa kuta mbili akaunganisha vyumba vitatu, akapanga bidhaa juu ya meza ndefu ili mtu ajichagulie mwenyewe. Kwetu jambo hilo lilikuwa geni. Tulizoea mwenye duka akae nyuma ya kaunta, wewe uoneshe kwa kidole. Pale uliingia, ukashika, ukakunjua kanga ukaitazama pindo zake, kisha ukaenda nayo kwa karani. Karani alipokea pesa, akakuandikia stakabadhi, nawe uliionesha mlangoni unapotoka. Watu walikuja kutoka Kerege na Mbegani, wengine hata Vigwaza, kuja kutazama tu.

Na wengine walikuja kuiba. Wanaume walikamatwa upesi, maana mlinzi aliwapapasa kanzu na mifuko. Wanawake hakuna wa kuwagusa. Mwanamke wa buibui angeweza kutoka na doti nne za kanga na sufuria, mlinzi kageuza uso pembeni kwa adabu.

Mke wa tajiri ndiye aliyenifuata. Alikuwa akinunua vitumbua vyangu na tulizoeana kidogo. Alinieleza kazi yenyewe akiwa amesimama uani kwetu, sauti chini, kama mtu anayeleta posa.

"Huogopi maneno ya watu?" akaniuliza.

"Wameshayasema," nikamwambia.

Nikapewa mlango wa pembeni, pazia, meza ndogo na kigoda. Wanawake wote walitokea kwangu, mmoja mmoja. Kila aliyeingia nyuma ya pazia alinipa stakabadhi, nikailinganisha na alichobeba, kisha nikampapasa kuanzia makwapani hadi vifundoni. Stakabadhi ziliandikwa kwa Kigujarati. Karani alinifundisha alama chache: ya kanga, ya shuka, ya sukari, ya sabuni, na tarakimu zao. Nilizishika kwa siku nne. Zilizobaki zilikuwa michoro tu kwangu.

Wiki za mwanzo nilitukanwa sana. Wengine walicheka kwa kutekenywa. Nilikuta mche wa sabuni ndani ya kilemba, pakiti za sindano, kofia ya mtoto katikati ya matiti, na mara moja mimba ya shuka mbili. Tulikubaliana na tajiri kwamba kitu kidogo kikionekana kirudi mezani na mtu aende zake. Nilikuwa nasema, "Hii irudi," naye mwenyewe aliiweka mezani bila kunitazama. Mwanzoni niliona haya kuliko wao. Baada ya miezi miwili mikono ilikwenda yenyewe, na mimi nikawa nafikiria muhogo wa kupika jioni.

Ndipo tajiri akagundua kwamba kanga zinapungua, na hakuna aliyekamatwa nazo. Alikaa na karani siku mbili, wakapata jibu. Stakabadhi zilikuwa zinatumika mara mbili. Mtu ananunua doti kwa haki Jumamosi, anatoka nayo. Jumanne anarudi na karatasi ile ile, anachukua doti nyingine ya bei ile ile mezani, anapita kwangu. Mimi naona alama ya kanga, naona bei, naona kanga mkononi. Tarehe, iliyoandikwa kwa maneno, siwezi kuisoma. Nampisha.

Tajiri hakunigombeza. Alinieleza taratibu, kama unavyomweleza mtu ugonjwa wake, kisha akasema kuanzia kesho kila siku itakuwa na wino wake. Jumamosi mwekundu, Jumatatu kijani, Jumanne zambarau, na kuendelea hivyo hivyo.

"Usimwambie mtu yeyote," akasema. "Hata mama yako."

Sikumwambia mtu.

Sasa lazima nimseme somo wangu. Kwetu msichana anapovunja ungo huwekwa ndani, na mwanamke mmoja huchaguliwa kuwa kungwi wake, amfunde. Baada ya hapo wawili hao huitana somo mpaka mmoja afe. Wangu alikuwa mwanamke mrefu, mweusi tititi, hodari wa ngoma, na alikuwa amewafunda nusu ya wanawake wa mtaa wetu. Yeye ndiye aliyeniogesha siku ile. Yeye ndiye aliyenivalisha shanga, akanifundisha jinsi ya kukaa, kuinuka, kujitazama na kunyamaza. Siku ya harusi yangu alikesha nami. Nilipoachwa alikuja akakaa siku nzima hakuuliza kitu, akanisaidia kutwanga mpunga.

Katika enzi zake kila aliyechezewa mwali wake alimletea kanga mpya, na kila ngoma aliingia na doti ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Lakini vita vilipokata nguo watu walianza kumpa sabuni, au mchele, au ahadi. Nguo ziliporudi, desturi ile haikurudi nazo. Wenye uwezo walikuwa wameanza kufupisha mambo, siku saba zikawa tatu. Hayo nayajua leo nikiyapanga. Wakati ule sikuyatilia maanani. Niliona tu kwamba kwenye ngoma amevaa kanga nzuri kama zamani, nikadhani mambo yake ni mazuri.

Jumapili moja baada ya alasiri alikuja kwetu. Alimtazama binti yangu akitwanga, akasema, "Huyu karibu." Nikasema akiwa tayari nitamletea yeye. Akala samaki na wali, akasifu samaki. Ule wino wa zambarau nilikuwa nao kichwani, kwa kuwa nilikuwa nakariri rangi kila siku nisije nikazichanganya. Haikunijia kwamba ni jambo la kumwambia. Wala haikunijia kwamba ni jambo la kumficha.

Jumanne, kabla ya adhuhuri, aliingia nyuma ya pazia.

"Shikamoo, somo," nikasema.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Hakuwa amebeba kitu ila kipande cha kitambaa cheupe cha bafta mkononi na stakabadhi yake. Akanipa. Ile ya bafta ilikuwa ya zambarau. Chini yake, imeshikana nayo kwa jasho, kulikuwa na ya pili, ya kanga, nyekundu. Nadhani alitaka kuwa nayo tayari endapo nitaikuta nguo mwilini mwake. Nikamtazama. Akatazama pazia.

Nilikuwa nimempekua mara nyingi kabla ya siku hiyo, ila kwake nilipitisha mkono juu juu tu, begani na nyonga, tukiongea habari za nyumbani. Siku hiyo nikaanzia makwapani. Tumboni nikakuta kanga imezungushwa na kukazwa kama mkaja wa mzazi. Chini yake nikagusa shanga zake. Nikaikunjua, raundi baada ya raundi, naye akanyanyua mikono kidogo ili nifanye kazi vizuri. Ilikuwa bado na ile gundi ya dukani.

"Hiyo nimelipa. Karatasi unayo," akasema.

"Hii ni ya Jumamosi, somo."

"Umejua kusoma lini?"

"Ni rangi. Wamebadilisha rangi."

"Toka lini?"

"Wiki ya pili sasa."

"Juzi nilikuwa kwako."

"Ndiyo."

"Nimekula kwako."

Nje ya pazia mwanamke mwingine alikuwa anangoja, nikasikia bangili zake. Kitu kidogo kirudi mezani na mtu aende zake, hayo ndiyo yalikuwa makubaliano. Doti haikuwa kitu kidogo, na stakabadhi za kurudia tajiri alisema nimwite mwenyewe. Nikachungulia nje nikamwita. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilichokuwa nacho moyoni nilipokuwa namwita, na ninachokumbuka ni kwamba pazia lilikuwa limechafuka upande ninaolishika, nikasema kesho nilifue.

Tajiri alikuja na karani. Akaitazama kanga, akaitazama karatasi.

"Unamfahamu?" akaniuliza.

"Namfahamu."

"Ni nani wako?"

"Kungwi wangu."

Hakulielewa neno lile. Karani alilielewa, akatazama chini.

Askari waliitwa. Walikwenda nyumbani kwake wakakuta chini ya kitanda sanduku lenye doti kumi na moja. Hakuwa ameuza hata moja. Zilikuwa zimekunjwa zilivyotoka dukani, mbili mbili hazijakatwa, isipokuwa tatu ambazo tulikuwa tumeziona kwenye ngoma.

Kesi ilikuwa barazani kwa liwali. Nilitakiwa kutoa ushahidi, nikatawadha, nikashika msahafu, nikasema nilichokiona: rangi hii, rangi hii, nguo ilikuwa hapa. Niliposema "hapa" nilijigusa tumbo. Wanawake waliokaa kando walinong'ona. Liwali, mzee mpole mwenye kikohozi, alimgeukia yeye.

"Mama, umechukua?"

"Nimechukua."

"Kwa sababu gani, na wewe mtu wa heshima?"

"Zamani nilikuwa naletewa," akasema. Liwali hakumwuliza tena.

Alitozwa faini. Kaka yake wa Mbegani aliweka rehani minazi yake akamlipia, akamchukua akakae naye mwezi mmoja mpaka maneno yapoe.

Maneno yaliyobaki mjini yakawa juu yangu. Hakuna aliyesema nimekosea kukamata mwizi. Walichosema ni kwamba nimemvua nguo somo wangu. Mwanamke aliyenizoea tangu utoto aliingia nyuma ya pazia, akanipa karatasi yake, akanyanyua mikono, akatoka, wala hakunijibu salamu. Siku ya pili akaja mwingine vivyo hivyo. Nikaacha kusalimia kwanza. Kazi ikawa rahisi zaidi kwa namna hiyo, na kwa kweli wizi ulipungua.

Mama alilisema jambo lile mara moja tu, tukichambua mchele.

"Ungemwacha apite."

"Ningefukuzwa."

"Haya," akasema. Akaendelea kuchambua.

Binti yangu alivunja ungo miezi mitano baadaye. Nilikwenda kwa wanawake wawili kuwaomba wamcheze. Mmoja aliniambia anaumwa mgongo, wa pili alisema ana safari. Nikaenda kwa somo. Alikuwa amesharudi kutoka Mbegani, anasuka ukili barazani. Hakuwa amekonda wala kuzeeka, alikuwa vile vile.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba."

Nilisimama. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nikasema binti amekua, nimekuja kama nilivyosema.

Aliumaliza ule ukili aliokuwa anausuka. "Mlete Ijumaa," akasema. "Wewe usiingie."

Kwa desturi mama mzazi haingii. Angeweza kunyamaza na nisingeingia. Nilirudi nyumbani nikilifikiria neno lile, ametaja desturi au amenifukuza.

Alimfunda siku saba kamili, hakufupisha. Nilisikia ngoma nikiwa uani kwetu. Niliwapikia, chakula kikapelekwa na mama yangu, vyombo vikarudi vitupu vimeoshwa. Siku ya saba mtoto alitolewa, amepakwa, amependeza, anatembea kwa adabu ambayo sikumfundisha mimi. Usiku ule tulipolala nikamwuliza somo wake alimwambia nini.

"Kasema nisikwambie, mama."

Hilo nalo ni desturi.

Nikaendelea na ule mlango miaka minne. Somo hakukanyaga tena dukani, na njiani tukikutana tulisalimiana kama kawaida, shikamoo na marahaba, tukapishana. Kisha biashara ya mji ikapooza, tajiri akahamishia mali yake Dar es Salaam, akafunga. Mke wake alinipa shuka mbili na stakabadhi yake. Nilirudia vitumbua. Wateja walirudi kidogo kidogo. Nadhani walikuwa na njaa, au walisahau.

Binti aliolewa Kerege. Nilikuwa huko, amejifungua wa kwanza, namkanda kwa maji ya moto, pale mpita njia mmoja aliposimama kuomba maji akatuambia habari za mjini, na katika hizo habari akasema kungwi fulani amefariki jana na ameshazikwa; akamtaja jina, ni somo. Binti yangu alilia sana. Nikasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, nikatia kitambaa kwenye maji, nikakikamua, nikaendelea kumkanda mgongo. Aliniuliza kama nimesikia. Nikamwambia nimesikia.

Nilipata gari siku ya pili yake. Nilifika msibani siku ya hitima, wanaume wakisoma nje, wanawake wamejaa ndani mkekani. Wengi wao niliwahi kuwapekua. Nilivua viatu, nikatoa salamu, nikasimama mlangoni nikitafuta pa kukaa. Mwanamke mmoja akasogea kidogo. Nikakaa. Akanipa kikombe cha kahawa, nikanywa.