Mama Geuza alivyolitoa kabati la dada yake juani

Saa kumi na mbili asubuhi haijagonga, na pembe za soko la nguo bado zina giza. Katika kibanda cha nne kutoka bombani, wanawake wawili wameinama juu ya belo moja la mitumba. Mmoja ameshika kisu kidogo cha jikoni. Mwingine, mnene kiasi na mwenye miwani, ameshika simu yenye tochi, na anageuka nyuma kila mara kama mtu anayeiba.

"Dada, mulika kwenye kamba. Mbona unanimulika usoni?"

"Kuna watu wanapita huku."

"Hapa ni sokoni, Dada. Ulitaka wapite wapi?"

Mwenye kisu ndiye Mama Geuza. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, ila hapa hakuna anayelikumbuka. Limefunikwa na neno moja analolisema kutwa. Mteja akiinua blauzi na kuanza kuisifia rangi, yeye humwambia, "Geuza." Akishika suruali na kuuliza bei, "Geuza kwanza, bei haikimbii." Hapokei pesa ya mtu mpaka huyo mtu ameiona mishono ya nguo kwa ndani.

Mwenye tochi ni dada yake, tumbo moja, aliyemtangulia kwa miaka sita. Mama Geuza ameuza mitumba kwenye kibanda hiki miaka kumi na minane, na leo ndiyo mara ya kwanza dada yake kukikanyaga.

Jumamosi ijayo binti wa Mama Geuza anaolewa, na dada mtu hana nguo ya kuvaa. Amekosaje, mtu mwenye kabati la milango mitatu? Kisa hicho wenyewe wanakisimulia kwa kupokonyana maneno, na wameruhusu kiandikwe.

Kamba za belo zinakatika. Nguo zinafura juu kama unga ulioumuka, pamoja na harufu ya dawa ya nondo. Mama Geuza hazirukii. Anavuta moja, anaigeuza, anapitisha kidole gumba kwapani, anainua kola kwenye mwanga, anafungua zipu na kuifunga, kisha anaamua. Nzuri zinakwenda kwenye henga. Zilizobaki zinamwagwa chini juu ya turubai, kwa wateja wa kuchambua.

"Belo likiwa na bahati, theluthi moja itapanda juu," anasema. "Hiyo theluthi ndiyo inayolipa kodi ya chumba na ndiyo iliyomsomesha binti yangu. Zile za chini zinanilipia chai."

Kwa bei ya gauni moja jipya la madukani, mteja wake huondoka na matatu, na yote yatafuliwa mara nyingi kabla ya kuchoka. Lakini hamuuzii anayekuja bila kujua anachotafuta.

"Mtu anakuja, namuuliza, nyumbani una nini? Anasema, ninazo nyingi tu. Nyingi zipi? Hajui. Basi namwambia, rudi ukatazame. Utanunua blauzi ya tano ya maua wakati huna sketi hata moja ya kuivalia."

Ndiyo maana siku za Jumapili huitwa majumbani kupunguza makabati. Kazi hiyo haifanyi chumbani. Hufunga kamba tatu uani, na kila kilichomo ndani ya kabati hutoka nje juani, hata soksi.

Kamba ya kwanza ni ya nguo zinazovaliwa. Ya pili ni ya zile zinazohitaji fundi, pengine kifungo, pengine kuachia pindo. Ya tatu ni ya kuondoka. Mwenye nguo huivaa ile anayoitetea, akainua mikono, akainama, akakaa kwenye kigoda. Ikimbana, inahama kamba.

"Chumbani kuna giza na kuna kitanda," anaeleza. "Mtu anakaa kitandani, anaikumbatia nguo, anaanza hadithi. Hii nilivaa siku fulani. Uani huwezi, jirani anakutazama."

Kwa dada yake hakuwahi kuitwa.

Baba wa mtoto alipokwenda kutafuta kazi mbali na asirudi, binti alikuwa na miaka minne. Kila alfajiri Mama Geuza alimpeleka kwa dada yake akiwa bado amelala, na jioni alimchukua akiwa amelala tena. Katikati ya hapo, kuoga, kusukwa, kupelekwa shule na kuchapwa vilikuwa kazi ya mama mkubwa.

"Usiandike kuchapwa," anadakia dada mtu na tochi yake. "Nilimfinya tu."

Kwa hiyo binti alipochumbiwa alisema jambo moja: siku ya harusi atashikwa mkono na mama mkubwa wake. Akaongeza la pili, na hilo ndilo lililoleta mashaka. Yeye na watu wake wote watavaa nguo zilizotoka kwenye kibanda cha mama yake. Gauni lake jeupe lilikwishapatikana, lilitoka katikati ya belo la mapazia, waliolifunga walilidhani pazia.

Dada mtu aliposikia alikataa kabisa. "Nisimame mbele ya wakwe na nguo ya mtu nisiyemjua? Mimi nguo zangu ni za dukani, kila mtu anajua. Kama ni hivyo nitakaa nyuma na wageni, mtanipungia mkono."

Mama Geuza hakubishana naye. "Lakini usiku nilikuwa sipati usingizi," anasema, huku akigeuza mkono wa sweta. "Huyu mtoto tumemlea wawili. Nitamwozaje peke yangu?"

Wiki mbili zilizopita, bawaba za kabati la dada mtu ziliachia. Mlango wa katikati, wenye kioo kirefu, uling'oka na kumwegemea akiwa anatafuta kanga. Hapo ndipo alipompigia simu mdogo wake, kwa sauti ya chini, akamwambia aje na kamba zake.

Jumapili ile nguo zilitoka na hazikuisha. Zilikuwamo blauzi nane nyeupe. Zilikuwamo za dukani ambazo hazijavaliwa hata mara moja, karatasi ya bei bado inaning'inia, na ukizitazama zimeshapauka mabegani kwa kukaa tu. Ilikuwamo suti ya mume wake ya wakati ule alipokuwa na kiuno.

"Hii itanirudia," alisema mume, ambaye ni mlinzi mstaafu.

"Wewe ndiye unayetakiwa kuirudia, Shemeji," Mama Geuza alimjibu. Alikizungusha kiuno cha suruali ile shingoni mwa shemeji yake, kama afanyavyo sokoni kupima kiuno cha mteja bila kumvua. Ncha hazikukutana. Suti ikahamia kamba ya tatu.

Mwisho kabisa dada mtu alileta mfuko mgumu wa duka la nguo mpya, duka lile la vioo kila mtu analijua. Ndani yake kulikuwa na gauni la kijani, refu, la mikono mirefu. "Hili ndilo la harusi," alisema. "La dukani. Mwambie mwanao kama ananitaka mbele nitakuja na hili, kama hanitaki basi."

Mama Geuza aliligeuza. Hakukusudia, ni mkono tu umezoea. Chini, kwa ndani, vifungo viwili vilikuwa vimekazwa kwa uzi wa njano.

"Sokoni kwetu mtu mmoja tu anakaza vifungo vya rangi yoyote kwa uzi wa njano," anasema. "Mwenzangu wa kibanda cha mwisho. Alinunua boksi zima la uzi huo, na hataliacha mpaka liishe."

Dada yake alikuwa ananunua mitumba, soko lile lile, akizungukia lango la nyuma.

Mama Geuza alilirudisha gauni upande wake, akalitundika kwa henga mwanzoni mwa kamba ya kwanza lipate hewa. Hakusema neno. "Ningesema nini? Alikuwa amekubali kuja mbele. Na wakwe wangeona gauni, wasingeona uzi."

Wanawake wakaingia ndani kulipangusa kabati. Mlinzi mstaafu akaachwa uani na kiti chake. "Tazama kamba, Shemeji," Mama Geuza alimwambia.

Mzee aliyafahamu maneno hayo kwa namna yake.

Majirani walikuwa wameanza kuchungulia juu ya uzio. Mmoja akauliza shati la kamba ya tatu ni bei gani. Mlinzi alijua za kamba ya tatu zinaondoka, basi akataja bei, akapewa. Mwingine akaja, na nyuma yake wengine wawili. Mzee akasimama, akavua kofia, akaanza kuita wapita njia.

Ndugu hawa wawili walipotoka na ndoo ya maji machafu, uani kulikuwa kweupe. Kamba ya tatu ilikuwa tupu. Mwanzoni mwa kamba ya kwanza palikuwa na henga peke yake.

"Nimeuza!" alisema mlinzi, jasho linamtoka kwa furaha. "Na lile la kijani nimelipiga bei ya juu, mama wa watu hakubishana hata kidogo!"

"Umeuza lipi?" mkewe aliuliza.

"La kijani. Si lilitundikwa kwenye henga, kama za kuuza?"

"Miaka thelathini ulilinda ghala la watu," mkewe alimwambia, "hukupoteza hata msumari. Nimekuachia kamba saa moja!"

Aliyenunua alikuwa mpishi wa shule, nyumba ya tatu kutoka hapo. Walimkuta amesimama mlangoni, gauni tayari liko mwilini, limemkaa kama amepimiwa.

"Jirani, naomba nguo yangu, huyu mzee amekosea," dada mtu alianza kwa upole.

"Hajakosea, nimemlipa."

"Nakurudishia pesa yako."

"Sitaki pesa, nataka gauni. Jumamosi ya wiki ijayo nina harusi."

"Harusi ya nani?"

"Harusi yenu! Si mmenialika?"

Hapo dada mtu akasema lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote. "Mama, utavaaje hilo? Hilo ni mtumba tu! Nimelinunua sokoni, kibanda cha mwisho, nikalitia kwenye mfuko wa duka!"

"Najua ni mtumba," alisema mpishi bila kushtuka. "Nimeligeuza. Bitana nzima, mshono mara mbili. La dukani lingekuwa hivi?"

Dada mtu aligeuka polepole kumtazama mdogo wake.

"Nilijua, Dada," Mama Geuza alisema. "Uzi wa njano."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

"Ukaninyamazia?"

"Wewe umeninyamazia tangu lini?"

Nani alianza kucheka hawakubaliani mpaka leo. Wanakubaliana kwamba mpishi aliwaletea viti, na kwamba gauni hakulivua.

Lakini kicheko kilipokwisha, dada mtu alifuta miwani yake na kusema, "Nilishawaambia watu wote kwamba sivai mitumba. Nikinunua kwako, kesho mtaa mzima unajua. Sasa nitakuja na nini kumshika mtoto mkono?"

"Na utakachokipata kibandani," mdogo wake alimjibu. "Ukija mchana unaona haya, njoo alfajiri. Ninafungua belo jipya."

Na ndivyo ilivyokuwa hadi tochi hii ya alfajiri.

Belo la leo limeanza vibaya. Yametoka masweta, yametoka mashati ya wanaume, limetoka koti lenye tundu la sigara. Kunakucha. Wenye vibanda wengine wanafika mmoja mmoja, wanasalimia, wanamtazama mgeni mwenye miwani. Dada mtu amezima tochi, na bado hajaondoka. Ameshavua viatu, amepiga magoti kwenye turubai.

"Hili la zambarau?" anauliza, mkono umezama mpaka begani.

Analivuta. Ni gauni zito, la mikono mirefu, shingo nadhifu. Mama Geuza anafungua mdomo aseme neno lake, halafu anaufunga.

Dada mtu amekwisha kuligeuza. Anapitisha gumba kwapani. Anafungua zipu, anaifunga, anaifungua tena. Analiinua kwenye mwanga wa mlangoni.

"Hapa pameachia kidogo, chini ya mkono."

"Sindano tatu tu hapo."

"Na pindo fupi."

"Lina vidole vitatu vimekunjwa ndani, naachia. Leo jioni unalo."

Anajipima juu ya nguo zake, kwa maana kibanda hakina pa kuvulia. Anajigeuza huku na huku, anatafuta pa kujitazamia, hapapati.

"Wateja wako wanajionaje hapa?"

"Wananiuliza mimi."

"Na wewe ndio utasema kweli, unayetaka kuuza?" Dada mtu anafikiri kidogo. "Ule mlango wenye kioo hauna kazi tena. Kabati limepungua, linatosha milango miwili. Huyo mlinzi wangu ataubeba mpaka hapa. Ana deni."

Mama Geuza ameshaweka macho kwenye kona ya nyuma, pale anaporundika mifuko mitupu ya belo. Atafunga pazia la kuzunguka, kioo kitasimama ukutani, na kigoda kitakuwa ndani yake. "Mtu avae, ainue mikono, akae, ajione mwenyewe," anasema. "Harusi ikipita tu, naanza. Nimelitaka hilo tangu siku ya kwanza nilipopanga nguo hapa chini."

"Nipe bei," anasema dada mtu.

"Ya ndugu?"

"Ya ndugu."

"Ya ndugu iko juu kidogo."

"Mshenzi wewe," anasema, anacheka, analipa. Mama Geuza anachukua sindano, anashona palipoachia kwapani papo hapo, kwa uzi wa zambarau. Pindo ataliachia jioni, ila dada mtu anataka kwenda nalo kwanza nyumbani, binti akalione.

Mama Geuza anainamia chini ya meza na kutoa mfuko mweusi. Dada yake anautazama.

"Wa nini?"

Anavaa viatu vyake. Analilaza gauni juu ya mkono, bado limegeuzwa, mishono yote nje, na anatoka katikati ya soko ambalo sasa limejaa mwanga. Hazungukii lango la nyuma. Anapofika kibanda cha mwisho, mwenye uzi wa njano anamwita, "Mteja wangu! Leo umenipita?"

"Leo nimetoka kwa mdogo wangu," anajibu kwa sauti ya kusikika mpaka bombani.