Amplifaya Iliyopigwa Pindo

Mama Pindo hakuolewa na fundi wa amplifaya ili aje kushika chuma cha kulehemu. Alikuwa na cherehani yake, wateja wake na ulimi wake, na vyote vitatu havikuwa na likizo. Jina alipewa na wateja: suruali uliyompelekea ipunguzwe urefu ilirudi na pindo lililonyooka mpaka unaona haya kuivaa na viatu vyako vya zamani. Cherehani ilikaa upande wa dirisha, meza ya mumewe upande wa ukuta, na katikati palibaki njia ya mtu mmoja kupita, tena awe mwembamba. Sakafuni vipande vya uzi na vipande vya waya vilichanganyika, na kila jioni walibishana nani afagie.

Mumewe, ambaye kila mtu alimwita Fundi, alitengeneza amplifaya za valvu, zile za kizamani zenye taa za kioo zinazowaka wekundu. Aliunga kila kitu kwa mkono ndani ya sanduku la bati, waya kutoka mguu wa valvu hadi mguu wa kapasita, kile kikopo kinachotunza umeme, waya huu ukipita juu ya ule. Asiyejua akichungulia angedhani kuku anataka kutaga humo.

"Kwa fujo hii, ningekuwa mteja wako ningekushtaki," Mama Pindo alikuwa akimtania.

"Sikio halioni fujo, bibie."

Kidogo kidogo Mama Pindo akaanza kumsaidia. Macho ya Fundi yalipoanza kuchoka, alimwomba amshikie hiki, amlehemie kile, maana vidole vya mshonaji havitetemeki. Kabla hajamruhusu kugusa chochote alimfundisha sheria moja: umeme ukiwa umewashwa, mkono mmoja unafanya kazi, mwingine unakaa mfukoni. "Umeme wa valvu hauna mchezo," alimwambia. "Ukiingiza mikono yote miwili, unaingilia huku unatokea kule, na njiani unapita moyoni." Mama Pindo alijishonea gauni lenye mfuko kwa ajili hiyo tu.

Kisha kikaja kiharusi. Asubuhi moja Fundi aliamka, mkono wake wa kulia haukuamka naye. Maneno yalirudi, mguu nao ukarudi japo kwa kuburuta, lakini mkono ulikataa katakata. Mtu aliyezoea kupiga soga na wateja hadi wakasahau walichofuata akawa anashinda chumba cha nyuma, ameupa ulimwengu kisogo. Ukimuuliza habari za kazi anakujibu neno moja. Siku aliyosema mengi, heri angenyamaza.

"Nimepata mtu wa kununua vifaa. Anakuja Jumamosi. Mimi nimekwisha, mama."

Mama Pindo hakubisha, na hilo peke yake lingemshtua yeyote anayemjua. Alivipanga vifaa sandukuni kama alivyoagizwa, kisha akakaa kwenye kiti cha cherehani akashika tama. Hakuwa akililia koleo na bisibisi. Aliona kwamba sanduku lile likitoka mlangoni, mumewe hatatoka tena chumba kile, na hilo lilimtisha kuliko kiharusi chenyewe.

Akiwa bado ameshika tama, akaingia Solo amekumbatia amplifaya kifuani. Solo alikuwa mpiga gitaa, rafiki wa Fundi tangu ujana. Wawili hao walikuwa chanda na pete. Amplifaya aliyoibeba ndiyo ya kwanza kabisa Fundi kuitengeneza.

"Shemeji, imekata sauti," Solo alisema. "Na binti yangu anaolewa Jumapili. Nikipiga kwa amplifaya ya kuazima, atakayesikika si mimi."

"Fundi hafanyi kazi tena, shemeji. Unajua."

"Najua. Nimekuletea wewe."

Mama Pindo akapiga moyo konde, akakitoa chuma cha kulehemu sandukuni. Ugonjwa wa amplifaya haukumsumbua: kapasita za zamani zilikuwa zimevimba na kuvuja, akazing'oa, akaweka mpya. Angeishia hapo, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini mkono wa mshonaji ukimwasha, umemwasha. Akaziangalia zile nyaya zilizotapakaa, akawaza kwamba mumewe akiiona kazi yake ya kwanza imependeza, huenda moyo ukamrudi. Basi akazinyoosha zote, akazilaza sambamba, akazikunja kwenye pembe kama kola ya shati, akazifunga pamoja kwa uzi uliopakwa nta, fundo baada ya fundo. Alipomaliza alisimama mbali kidogo kuitazama, akajipigia mluzi.

Jumamosi asubuhi Solo alikuja na gitaa lake. Mama Pindo akaiwasha. Valvu zikaiva wekundu taratibu, na spika ikaanza kunguruma. Solo hakuwa hata amegusa uzi wa gitaa.

"Shemeji, nimekuletea amplifaya, unanirudishia jenereta?"

Uso ulimwaka moto. Akazima, akakagua kila alipolehemu, hakuona kosa. Akawasha tena, mngurumo ukawa ule ule. Na mnunuzi alikuwa njiani.

Ndipo wakasikia ndara zinaburuzwa kutoka nyuma.

Fundi alisimama mlangoni, mkono wa kulia ameuficha mfukoni. Aliuficha hivyo siku hizi hata mbele ya mkewe. "Hiyo ni yangu," alisema, "lakini hiyo sauti siyo yangu." Akajikokota hadi mezani, akainama, akachungulia ndani ya bati. Kisha tumbo likaanza kumtikisika.

"Nani kaishona?"

"Nani mwingine?"

"Mama! Umeipiga pindo amplifaya!" Alicheka mpaka akaegemea meza, na Solo naye akaangua kicheko.

"Chekeni tu," Mama Pindo alisema. Alikuwa na hasira, na alikuwa na furaha kiasi cha kutaka kumkumbatia, maana kicheko kile hakuwa amekisikia tangu kiharusi. "Nilitaka ipendeze."

"Imependeza. Ila waya wa kuwashia valvu umeulaza kitanda kimoja na waya unaobeba sauti ya gitaa. Mmoja ananong'ona, mwenzake anakoroma. Tutamsikia nani? Ile fujo niliikusudia, mama. Kila waya ulikuwa na sababu ya kukaa ulipokaa."

"Basi nionyeshe upi unaokoroma."

"Huo mpaka uusukume kwa kijiti kikavu, umeme ukiwa umewaka, usikilize." Hapo kicheko kikamwisha. "Hiyo siyo kazi yangu tena. Mtu gani anafanya kazi kwa mkono mmoja?"

Mama Pindo aliutazama mfuko wa suruali ya mumewe.

"Wewe," akasema. "Miaka yote. Umeme ukiwaka, mkono mmoja kazini, mwingine mfukoni. Si ndivyo ulivyonifundisha? Wako uko mfukoni tayari."

Solo akajifanya anakaza nyuzi za gitaa. Fundi naye akautazama mfuko wake.

"Nilikuwa naweka wa kushoto," alisema.

"Basi mikono imebadilishana zamu."

Kijiti chake kilikuwa chini kabisa sandukuni, kwa hiyo Mama Pindo akampa sindano yake ya mwanzi ya kufumia. Fundi aliipokea kwa mkono wa kushoto, akaipeleka ndani polepole. Akaugusa waya wa kwanza, mngurumo haukujali. Akaugusa wa pili, ukapanda. Wa tatu, ukanywea.

"Huyo! Zima. Ngoja kwanza umeme uishe kwenye kapasita. Haya, leta mkasi."

Hakuna mshonaji anayependa kufumua, lakini siku ile Mama Pindo alifumua mafundo yake mwenyewe huku anaimba. Yeye akikata na kulehemu, mumewe akielekeza na kuchokoa, wakawasha, wakazima, wakawasha tena, mpaka ndani ya bati pakarudi kuwa kiota cha kuku na spika ikatulia. Solo akagonga uzi mmoja. Sauti ikatoka nene, safi, ikajaa chumba. Mama Pindo akalia, mkasi mkononi, wala hakujificha.

Hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa mnunuzi. Mama Pindo akafuta machozi kwa kiwiko, akamgeukia mumewe.

Fundi hakuinua kichwa. Sindano ilikuwa bado mkononi mwake, ameshaanza kuuchokonoa waya mwingine.

"Mwambie atusamehe, mama," alisema. "Tuna kazi."